Serahangi wa Plymouth

Niliishi nyumba moja na mbwa kwa miaka miwili na nusu, na katika muda wote huo sikumgusa illa mara moja. Msomaji aliyekulia visiwani hataona ajabu hapo; pengine atakalostaajabia ni hiyo mara moja. Lakini wako watu huko Uingereza niliowasimulia jambo hili wakanitazama kana kwamba nimewaambia nilikaa na mtoto mchanga nisimbebe hata siku moja. Nataka kulieleza kama lilivyokuwa, kwa sababu limenikaa moyoni takriban miaka arubaini, na kwa sababu katikati yake umo mchezo wa televisheni ambao, ukiutazama kwa haraka, hauna lolote la kumshughulisha mtu mzima.

Nilifika Plymouth, kusini magharibi ya Uingereza, mwezi wa Septemba 1984, kusomea ubaharia katika chuo ambacho siku hizo kikiitwa Plymouth Polytechnic. Kwa mtu aliyezaliwa Malindi ya Unguja, pua na bandari, mji ule haukuwa mgeni sana. Una uwanja wa juu unaotazama bahari, na hapo umesimama mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe, uliojengwa mwaka 1759 juu ya mwamba wa Eddystone huko baharini, kisha ukabomolewa na kujengwa tena nchi kavu. Una soko la samaki, una walevi wa bandarini, una ndege weupe wa baharini wasiokuwa na haya. Kilichopungua ni jua, na mtu wa kumpa salamu asubuhi.

Nilipanga chumba cha juu katika nyumba ya mwanamke mjane. Mumewe alikuwa fundi katika magati ya jeshi la wanamaji ya Devonport, na alifariki mwaka mmoja kabla ya mimi kufika. Walizaa watoto wawili: mmoja alihamia Australia, na wa pili alikuwa London, si mbali kwa treni, lakini mbali kwa maneno waliyowahi kuambiana. Jina la bibi yule silitaji. Hakunipa ruhusa, na sasa hayuko wa kumwomba. Yeye akiniita kwa neno ambalo kwa Kiswahili ni "mpenzi wangu". Siku ya kwanza nilishtuka, nikadhani nimeingia nyumba isiyofaa. Baadaye nikamsikia mwenye duka akimwita hivyo hivyo dereva wa basi, mzee mwenye kitambi, nikafahamu kuwa ndiyo desturi ya watu wa upande ule. Mimi nikimwita kwa heshima ya Kiingereza, jina la ukoo wa mumewe lililotanguliwa na "Mrs.", na sikuliacha hilo hata siku moja.

Mbwa wake aliitwa Bosun. Neno hilo ni cheo cha melini. Ni yule mkubwa wa mabaharia anayesimamia kazi za sitaha, ambaye sisi twamwita serahangi. Basi na mimi, moyoni mwangu, nikamwita Serahangi. Alikuwa mbwa chotara, mweusi mwenye kifua cheupe, mwenye damu ya wale mbwa wa wachungaji wa kondoo na damu nyingine isiyojulikana. Bibi hakuwa na subira na maonyesho makubwa ya mbwa wa ukoo, yale ya Crufts yaliyoanzishwa na Charles Cruft mwaka 1891, ambamo mbwa hupimwa kwa nasaba yake na mkao wa masikio yake. Akisema kwamba mbwa anayejulikana babu yake wa kumi huwa hajui hata kuleta kiatu. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana sisi watu wa pwani tunayajua mambo ya nasaba, na kwetu pia wako wenye babu kumi wasioleta kiatu.

Sasa nije kwenye najisi. Mimi nilisoma chuoni Safinatu-n-Najaa kama watoto wote wa mtaani kwetu, na kabla sijajua kuzidisha kwa saba nilikwishajua kwamba kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo. Kwa hiyo wiki ya kwanza nilichukua kopo tupu la biskuti, nikachota udongo uani, nikaliweka katika chumba cha kuogea, nyuma ya beseni. Nilitunga jawabu ya kumpa Bibi pindi akiuliza. Hakuuliza. Serahangi naye, kama aliyesomeshwa fiqhi, baada ya siku chache aliacha kunijia. Nikipita ukumbini huondoka njiani, akakaa kando, akanitazama kwa macho yake ya rangi ya kahawa. Nilifurahi kwa hilo. Leo nikilikumbuka silifurahii.

Jioni tulitazama televisheni pamoja, Bibi kwenye kiti chake, mimi kwenye kiti kilichokuwa cha mumewe, na Serahangi kwenye zulia katikati yetu kama mpaka wa nchi mbili. Nisije nikafikiriwa kuwa nilikishangaa chombo. Unguja tulikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, na ndugu zetu wa Bara hawakupata televisheni yao mpaka 1994. Nilichokishangaa ni vipindi. Kituo cha upande ule kikiitwa TSW, na makao yake yalikuwa pale pale mjini. Kilikuwa na sungura wa kitambaa, Gus Honeybun, aliyewapa watoto pongezi za siku ya kuzaliwa na kuwarukia mruko mmoja mmoja kwa kila mwaka wa umri wao. Na kilikuwa na mchezo mpya ulioanza mwaka ule ule wa 1984, ukionyeshwa katika mtandao mzima wa ITV: That's My Dog, yaani huyo ni mbwa wangu.

Mwendeshaji wake alikuwa Derek Hobson, ambaye Waingereza walikwishamzoea katika New Faces, shindano la kutafuta vipaji vya wasanii la miaka ya sabini. Hapa alipewa wasanii wa aina nyingine. Aila zilikuja na mbwa wao kushindana: baba, mama, watoto, na huyo wa miguu minne ambaye ndiye tegemeo la timu na ndiye pekee asiyejua kuwa kuna shindano. Anaitwa, haji. Anatumwa kuleta kitu, anakwenda kunusa wapinzani. Baba wa watu, mtu mwenye tai, anapiga magoti mbele ya taifa zima akimbembeleza mnyama, na mnyama amelala chali. Ukumbi unacheka. Na mara nyingine, bila ya mtu kutarajia, mbwa anafanya kila alichoambiwa, moja baada ya moja, na utaona katika uso wa mwenyewe jambo ambalo si furaha ya kushinda hasa. Ni kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katika mji wa ugeni.

Nilikuwa nikiukejeli mchezo ule. Niliandika barua nyumbani nikiwaeleza kuwa Wazungu wamefika hadi ya kuwafanyia mbwa mashindano na kuwahesabia alama. Lakini sikukosa hata kipindi kimoja.

Mumewe Bibi, kwa kauli yake, alipendelea kipindi kingine, cha BBC, kiitwacho One Man and His Dog, kilichoanza mwaka 1976. Huko hakuna kicheko. Mchungaji husimama mahali pamoja, na mbwa yuko mbali naye, mlimani, akizunguka kundi la kondoo. Na yote yaendayo baina yao ni mbinja na maneno machache. Neno moja humzungusha mbwa kwa upande wa mikono ya saa, la pili kinyume chake, mbinja nyingine humlaza chini, mpaka kondoo waingie zizini na mlango ufungwe. Mimi niliyekuwa nikisoma amri za melini mchana kutwa niliona pale nahodha na mabaharia wake, joshi na demani. Mzee yule hakuwa na kondoo hata mmoja, lakini alimfundisha Serahangi mbinja zote, kwenye uwanja wa juu wa bahari, kila Jumapili kwa miaka sita. Alipofariki, mbinja zikakoma. Bibi hakujua kupiga mbinja.

Mimi nilijua. Ni nani aliyekulia kwenye majahazi asijue kupiga mbinja, kuita upepo uliolala? Siku moja ya Aprili 1985, nikiwa uani naanika nguo, nilipiga mbinja bila ya kufikiri, ndefu moja yenye kupanda mwishoni. Serahangi alikuwa amelala mlangoni. Aliruka, akazunguka ua wote kwa mbio akiwa ameinamisha kichwa, akasimama mbele ya kapu la nguo, tumbo likigusa majani, akanikazia macho. Nilipoinua uso nilimwona Bibi dirishani, ameshika kikombe, hakinywi.

Tangu siku hiyo ukawa mchezo wetu. Nasimama upande huu wa ua, yeye upande ule, na baina yetu mbinja. Katika wiki chache nilikwishajua ipi ya kumzungusha, ipi ya kumlaza, ipi ya kumwita karibu, na hiyo ya mwisho sikuitumia. Ilinifaa mno: kazi yote ya mapenzi, na hakuna udongo wa kuchota. Jumapili Bibi akaanza kufuatana nasi hadi uwanjani, akakaa kwenye benchi chini ya mnara wa taa, na wapita njia wakisimama kumtazama mbwa akiwapanga ndege wa baharini kama askari.

Vuli ya mwaka 1986 akaniambia anataka kuandika barua kwa wale wa That's My Dog. Mzee, alisema, alikuwa akiota kumpeleka Serahangi kwenye televisheni, na akaondoka kabla mchezo wenyewe haujazaliwa. Yeye hajali kushinda. Anataka mbwa aonekane mara moja tu akifanya alichofundishwa na yule aliyemfundisha. Na kituo hakiko mbali, tungekwenda hata kwa miguu. Kisha akatazama kikombe chake. Kwenye mchezo, alisema, husimama aila. Yeye yuko peke yake, na hajui mbinja. Je, ningekubali kusimama naye?

Kwa Kiswahili ningekuwa na njia mia za kumjibu. Ningesema inshaallah, siku zikapita, jambo likafa usingizini bila ya mtu kuumia. Kwa Kiingereza nilikuwa na njia moja tu, nayo ilikuwa hapana. Nilianza na dini. Nikamweleza habari za mate na mara saba, naye akasikiliza kwa adabu, akasema kwamba hakuna haja ya kumgusa, si tunafanya hivyo kila siku? Alisema kweli. Fiqhi haikuwa na neno juu ya mbinja. Katika Suratul Kahf yumo mbwa aliyenyoosha miguu yake kizingitini, akitajwa pamoja na vijana wa pangoni. Na sote tumesimuliwa tangu udogo habari ya aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Nilichokiogopa si najisi. Niliogopa wanafunzi wenzangu wa pwani waliokuwa London na Cardiff, wangenionaje kwenye kioo cha televisheni, mtoto wa watu, nimesimama na bibi wa Kizungu na mbwa, na chini jina la aila yangu mpya. Niliogopa kicheko ambacho mimi mwenyewe nilikwishakianza katika barua.

Hilo sikumwambia. Nilimwambia kwamba mimi si jamaa yake, na kusimama pale kama jamaa kungekuwa uongo.

Akasema, "Bila shaka, mpenzi wangu," akaenda kuosha kikombe.

Fikiri, msomaji, ni nani aliyeyasema maneno hayo. Ni mtu atokaye mahali ambapo kuli wa bandarini ni ami, muuza samaki ni mjomba, na mwanamke yeyote aliyemzidi mama yako kwa siku moja ni mama mkubwa. Sisi hatujui kumwita mtu bila ya kumpa ujamaa. Nimelelewa na mama wanne kwenye uchochoro mmoja, na mmoja tu kati yao ndiye aliyenizaa. Na hapo, mbele ya mtu aliyenipikia wali bila ya mafuta ya nguruwe kwa miaka miwili, na akanunua sufuria mpya kwa ajili hiyo bila ya kuambiwa, ndipo nilipokuwa mkweli wa nasaba kuliko hao majaji wa Crufts.

Barua kwa kituo haikuandikwa. Tuliendelea kuutazama mchezo, yeye, mimi na Serahangi, na hakulitaja tena jambo lile. Mimi nililiandika nyumbani, nikijisifu kidogo jinsi nilivyojihifadhi. Jawabu ya mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ilichukua wiki saba kufika, kwa mkono wa ndugu yangu maana yeye hakuandika herufi za Kirumi. Alinipa salamu za watu wote, akanieleza bei ya mchele na harusi ya binti wa jirani. Kuhusu mbwa hakusema neno. Chini kabisa ilikuwapo sentensi moja: huyo bibi mwenye nyumba, siku zao za sikukuu, hula na nani?

Krismasi ya mwaka ule nililetewa kiti mezani, nikakaa. Tulikula samaki. Simu ya Australia ilikatika mara mbili. Simu ya London haikulia.

Mchezo wenyewe ulikoma Uingereza mwaka 1988. Mwaka 1991 ukazaliwa upya Marekani kwa jina lile lile, katika The Family Channel, ukiendeshwa na Steve Skrovan, ukadumu hadi 1995. TSW walipoteza leseni yao, wakafunga matangazo siku ya mwisho ya mwaka 1992. Wakati huo mimi niko baharini, na habari niliipata baada ya miezi. Sikuufikiria tena mchezo ule mpaka mwaka 2015, nilipokuwa nimekwishastaafu, na wajukuu wakanionyesha mbwa aitwaye Matisse aliyeshinda Britain's Got Talent pamoja na bibi yake, Jules O'Dwyer, zawadi ya paundi 250,000. Katika fainali mbwa alitembea juu ya kamba. Kisha ikadhihirika kwamba aliyetembea kwenye kamba hakuwa Matisse bali mwenzake wa kufanana naye, aitwaye Chase, aliyeingizwa kwa zamu hiyo tu. Malalamiko zaidi ya elfu moja yakapelekwa kwa Ofcom, wasimamizi wa utangazaji, nao wakaamua kuwa waliopiga kura walipotoshwa.

Wajukuu walikasirika, na wana haki yao. Waliopiga kura walilipia simu zao. Lakini mimi nilirudia kumtazama yule Chase. Hakuna aliyemwambia kuwa anasimama mahali pa mwingine. Ameitwa, kamba iko mbele yake, akavuka. Wakubwa wetu husema mkono mtupu haurambwi, na pengine kipande cha nyama kilimngoja upande wa pili. Hata hivyo alivuka.

Nimeisahau siku ya kuondoka, au nimejitia kuisahau. Ilikuwa Machi 1987. Masanduku yangu yalikuwa ukumbini, na Bibi amekwenda kuita teksi kwa simu ya jirani, ya kwake ikiwa imeharibika. Nilikaa ngazini kufunga viatu. Serahangi alikuwa pale pale alipozoea kukaa nikipita, kando ya ukuta. Sijui ilinijiaje, nilipiga ile mbinja ambayo sikuwahi kuitumia, polepole, ya kumwita karibu. Hakuja kwa mbio. Alikuja akisimama na kutembea, kama mtu asiyeamini barua aliyoletewa, akaweka kichwa chake juu ya goti langu. Nikaweka mkono. Alikuwa na joto kuliko nilivyodhani, na mfupa wa kichwa ulikuwa mdogo chini ya manyoya. Akaniramba kiganja, mara moja.

Nilipanda juu kuosha mkono. Kopo halikuwa nyuma ya beseni. Lilikuwa dirishani, penye mwanga, na katika udongo wangu yalisimama majani matatu ya kijani na ua moja la manjano, la aina ile inayochipua kwao baridi inapomalizika. Bibi alikuwa ameotesha kitunguu chake humo, pengine tangu vuli, akidhani mpangaji wake anapenda bustani na hana mbegu. Na mimi, ambaye sikuwa nimelihitaji kopo lile hata siku moja kwa sababu mbwa alijiweka mbali nami, sikuwahi kutazama.

Nikashuka uani na mkono wangu umelowa, nimeunyoosha mbele kama mtu aliyebeba kitu. Nilichota udongo chini ya kamba ya nguo, nikafungua bomba, nikahesabu hadi saba. Serahangi alinifuata mlangoni. Aliponiona niko uani, upande ule niliozoea kusimama, alilala tumbo likigusa majani, akanikazia macho, akingoja mbinja.